Ulinzi wa yote ndani, au ule uliokuja na Windows? Ulinganisho wa fundi kwa kompyuta ya nyumbani

Jumamosi moja asubuhi mwalimu mstaafu aliniletea laptopu yake, ameifunga kwenye kanga kama kichanga.

"Shikamoo, Mwalimu."

"Marahaba. Fundi, hii mashine inaganda. Nataka uniwekee ile programu moja ya kila kitu. Iue virusi, isafishe, iongeze kasi, nisihangaike tena. Hela nimeshatenga."

Nikaiwasha. Nilimaliza kikombe kizima cha chai ya tangawizi ndipo kishale kikatulia. Ndani nikakuta programu tatu za antivairasi zinafanya kazi kwa mpigo, mojawapo leseni yake imekwisha tangu mwaka juzi na kazi pekee iliyobaki nayo ni kurusha kidirisha chekundu kila robo saa. Juu ya hizo kulikuwa na visafishaji viwili. Ile programu ya kila kitu aliyokuwa akiitafuta Mwalimu alikuwa nayo tayari, tena mara tatu.

Swali lake naulizwa kila wiki, na muulizaji huwa anataka jina moja tu aende nalo dukani. Mimi jina silitaji mpaka nijue mambo mawili: mashine inashinda kwenye intaneti au nje ya intaneti, na ndani yake kuna diski ya aina gani. Majibu ya hayo mawili hubadilisha ushauri wangu kuliko nembo yoyote iliyoko kwenye kasha.

Kilichomo ndani ya kasha

Fungua kifurushi chochote cha yote ndani (nasema kifurushi cha programu, si bando) utakuta kazi nne zimefungwa pamoja. Kuna kuzuia virusi na tovuti za kitapeli. Kuna usafi na kasi, yaani kufuta takataka, kupunguza programu zinazoamka na mashine, na vitufe vyenye picha ya roketi. Kuna kuhifadhi nakala za akiba. Halafu kuna nyongeza: VPN (njia ya kupitisha intaneti yako kwa siri kupitia seva nyingine), kabati la nywila, ulinzi wa watoto.

Wazo la kuzifunga pamoja si geni. Mwaka 2006 Microsoft yenyewe iliuza kifurushi cha namna hiyo, Windows Live OneCare, kwa dola 49.95 kwa mwaka kwa kompyuta tatu. Kilikuwa na antivairasi, fayawoli, nakala za akiba na usafi. Mwaka uliofuata Symantec ikaleta Norton 360. Kisha katikati ya 2009 Microsoft ikaacha kuuza OneCare, na mwaka huohuo ikaanza kugawa bure antivairasi iliyoitwa Security Essentials. Kuanzia Windows 8 ya mwaka 2012, ulinzi ukawa unakuja ndani ya Windows yenyewe.

Tangu hapo kazi ya kwanza, ile iliyokuwa ikiuza, haina bei. Aliyebaki sokoni ilibidi ajaze kasha kwa vitu vingine ili mnunuzi aone sababu ya kulipa. Ndiyo maana kasha la leo limevimba, na ndiyo maana nalipima kazi moja moja, silipimi kwa urefu wa orodha iliyochapwa mgongoni.

Kuzuia virusi: tofauti ndogo, isipokuwa mahali pamoja

Maabara mbili ninazozifuata ni AV-TEST ya Magdeburg, Ujerumani, na AV-Comparatives ya Innsbruck, Austria. AV-TEST hutoa alama 6 kwa ulinzi, 6 kwa wepesi wa mashine na 6 kwa kutomsumbua mtumiaji kwa kengele za uongo, jumla 18. Zamani za Security Essentials, mtu akiniambia anategemea antivairasi ya Microsoft nilimhurumia, maana ilikuwa inavuta mkia. Siku hizi Microsoft Defender, ndiyo huo ulinzi uliomo ndani ya Windows, mara nyingi inasimama mstari mmoja na Bitdefender, Kaspersky, Norton na ESET. Anayekuambia kwamba bila kununua antivairasi uko uchi, anauza antivairasi.

Ila kuna pembe moja ambayo wenzetu wenye intaneti ya saa 24 hawana haja ya kuifikiria. AV-Comparatives hupima pia mashine ikiwa imekatwa intaneti. Hapo Defender huporomoka, kwa sababu sehemu kubwa ya akili yake iko kwenye seva za Microsoft: faili geni likiingia, Defender huuliza huko kwanza. Intaneti isipokuwepo, inabaki na daftari lililomo ndani ya mashine tu. Bitdefender na Avast huwa zinasimama imara zaidi katika jaribio hilo.

Sasa angalia laptopu ya Mwalimu. Intaneti inaiona mara mbili kwa wiki, anapowasha hotspoti ya simu. Siku zilizobaki inalishwa fleshi: fleshi ya kutoka steshenari, fleshi ya mwalimu mwenzake, fleshi ya kwaya. Kila mtu amewahi kukutana na kile kirusi kinachogeuza mafolda kuwa shotikati. Kinayaficha mafolda halisi, kinaweka mahali pake shotikati zenye majina yaleyale, na ukibofya moja unakuwa umekifungulia mlango mwenyewe. (Mafaili hayajapotea, yamefichwa tu. Usikubali fundi afomati fleshi yako kabla hajayafichua.) Kwa mtu wa namna hii ulinzi wa Windows uko dhaifu saa ileile unapohitajika. Hiyo ndiyo sababu nzuri kuliko zote ninayoijua ya kuweka antivairasi ya kampuni nyingine. Na bado haikulazimishi kulipa, maana Bitdefender na Avast zote zina toleo la bure.

Wengi huku mtaani wanaweka Smadav kwa ajili ya fleshi. Inatoka Indonesia, na walioitengeneza wanasema wazi kwamba ni ya kusaidiana na antivairasi kuu. Kosa si kuiweka. Kosa ni kuiweka ukadhani umemaliza.

Kuna virusi vya kudai fidia pia, vile vinavyofunga mafaili yako kisha vinaomba dola. Wanaovamia kampuni kubwa wana mbinu zao, lakini kompyuta za nyumbani zimeumizwa sana na familia moja iitwayo STOP, wengine huiita Djvu. Haiji kwa barua pepe ya kijanja. Inasafiri ndani ya programu zilizochakachuliwa: mtu anatafuta Office ya bure, anatafuta kifungua leseni, anakipata, na maelekezo yake yanaanza na "zima antivairasi kwanza". Anazima. Hapo hata ungekuwa na kifurushi cha bei ghali kuliko vyote, mlango umefunguliwa na mwenye nyumba. Oktoba 2019 kampuni ya Emsisoft ilitoa zana ya bure iliyofungua matoleo mengi ya zamani ya familia hiyo. Matoleo yaliyofuata, ambayo ufunguo wake unatengenezwa kwenye seva ya mhalifu, yalibaki yamefungwa. Nimeona picha za harusi nzima zikipotelea hapo.

Windows ina kinga dhidi ya hilo, inaitwa Controlled folder access, iko ndani ya Windows Security kwenye sehemu ya ransomware. Inakuja ikiwa imezimwa. Ukiiwasha, programu isiyojulikana haiwezi kugusa mafolda yako ya nyaraka na picha. Itakukera siku mbili tatu kwa kuzuia hata programu halali, unairuhusu moja moja, kisha inatulia. Vifurushi vya kulipia vina kitu kama hicho na kwa kawaida vinakuja tayari vimekiwasha, na hapo nakiri vimeshinda. Kinga iliyozimwa ni sawa na mbwa aliyelala.

Na kabla sijaondoka hapa: hakuna antivairasi inayoziba Windows iliyokwisha muda. Kirusi cha WannaCry kilipolipuka tarehe 12 Mei 2017, kiraka cha kukizuia, yaani sasisho la kuziba tundu kilipopitia, kilikuwa kimetolewa na Microsoft tangu Machi mwaka huo. Waliosasisha mashine zao hakikuweza kuwaingilia kupitia tundu hilo. Sasa Windows 10 imefikia mwisho wake wa kawaida tarehe 14 Oktoba 2025. Microsoft ilitangaza mwaka mmoja wa nyongeza kwa watu wa nyumbani, hadi 13 Oktoba 2026, kwa dola 30, au bila malipo ukiingia kwa akaunti ya Microsoft na kuruhusu mipangilio yako ihifadhiwe kwao. Daftari la virusi la Defender kwenye Windows 10 wameahidi kuliendeleza hadi Oktoba 2028, lakini daftari la virusi si viraka. Laptopu nyingi za mtumba tulizonazo, kama HP EliteBook 840 G3 ya Mwalimu, prosesa yake ni ya kizazi cha sita, na Windows 11 inataka kizazi cha nane kwenda juu. Ukienda kununua mashine ya mtumba leo, swali hilo liulize kabla ya kuuliza antivairasi.

Usafi na kasi: nusu ya kasha isiyo na uzito

Hapa nitakuwa mkali kidogo, kwa sababu ndipo hela nyingi za wateja wangu zilipozama.

Kitufe cha kusafisha rejista ya Windows (daftari lake la ndani la mipangilio) hakina faida utakayoiona kwa macho. Microsoft imeandika kwamba haiungi mkono matumizi ya visafishaji vya rejista, na kwamba vinaweza kuharibu mfumo kiasi cha kulazimu kupiga Windows upya. Kitufe cha kufungua nafasi kwenye RAM, kumbukumbu ya muda ya mashine, kinafanya kioja: kinazisukuma data za programu zako kutoka kwenye RAM kwenda kwenye diski, mita inashuka, unafurahi, kisha ukirudi kwenye Word inabidi data zilezile zisomwe tena kutoka kwenye diski. Umeipunguzia mashine kasi na umelipia. Kupanga upya diski Windows inafanya yenyewe kila wiki, na ikikuta SSD (diski isiyozunguka) inajua kwamba kazi yake pale ni tofauti. Mafaili ya muda nayo yanafutwa na Storage Sense, ukiiwasha kwenye mipangilio.

Kinachobaki chenye maana ni kuzuia programu zisiamke pamoja na mashine. Ni kweli kinasaidia, na unakipata kwa kubonyeza Ctrl, Shift na Esc, ukafungua sehemu ya Startup. Dakika mbili.

Visafishaji pia vimewahi kuwa mlango wa adui. CCleaner, kisafishaji maarufu kuliko vyote, toleo lake la 5.33 liliwekwa virusi na wavamizi walioingia kwenye mitambo ya watengenezaji, na kuanzia tarehe 15 Agosti hadi 12 Septemba 2017 liliwafikia watumiaji milioni 2.27. Wale walioipakua walifanya kila kitu sawa: tovuti rasmi, saini halali. Kila programu yenye mamlaka ya juu unayoiongeza ni mtu mwingine mwenye ufunguo wa nyumba yako. Halafu kuna wale wa vitisho, programu zinazopima mashine bure na kukutangazia makosa 1,347. Kuanzia Machi 2018 Microsoft inazihesabu programu za kusafisha zinazotisha watu ili walipe kuwa ni programu zisizotakiwa. Mwaka 2024 mamlaka ya biashara ya Marekani, FTC, ilifikia makubaliano ya dola milioni 26 na kampuni za Restoro na Reimage kwa udanganyifu wa namna hiyohiyo.

Mashine nyingi zinazoletwa kwangu kwa kuganda zina ugonjwa mmoja: diski ya kuzunguka. Diski hiyo inasoma kwa kijisindano kinachohama huku na huku juu ya sahani, na Windows ya leo inaomba mamia ya vipande vidogo kwa wakati mmoja. SSD haina sindano. Badilisha diski, mashine ileile iliyokuwa inamaliza kikombe cha chai inawaka kabla hujakaa vizuri. Bei ya SSD inapanda na kushuka, lakini unailipa mara moja. Kifurushi utakilipa kila mwaka, na hakitaifanya sindano ikimbie.

Kuna jambo moja kwa haki ya vifurushi. Kwenye majaribio ya wepesi Defender imekuwa nzito kuliko baadhi ya wenzake, hasa wakati wa kunakili mafaili na kusakinisha programu. Kwenye SSD hutalihisi. Kwenye diski ya kuzunguka yenye RAM ya GB 4 utalihisi, na hapo ESET au Kaspersky zinaweza kuwa nyepesi zaidi kuliko hiyo ya bure ya Windows.

Nakala za akiba, kwa hesabu ya bando

Norton 360 Deluxe inatoa nafasi ya GB 50 mawinguni kwa ajili ya kompyuta ya Windows. Inaonekana zawadi. Sasa piga hesabu: ukiwa na kasi ya kupandisha ya megabiti 2 kwa sekunde, GB 50 zinahitaji takriban saa 55 bila kukatika, na bando la ukubwa huohuo. Kwa mwenye faiba nyumbani, sawa. Kwa mwenye hotspoti ya simu, diski ya nje ya TB 1 inafanya kazi hiyo jioni moja. Sharti lake ni kuichomoa ukimaliza, kwa sababu virusi vya fidia hufunga kila diski vinayoikuta imechomekwa.

Nyongeza

VPN za kwenye vifurushi zina vikomo tofauti. Bitdefender Total Security inakupa MB 200 kwa siku kwa kila kifaa, ambayo inatosha kusoma barua pepe hotelini na si zaidi. Kaspersky Plus haina kikomo. Kwa wa Tanzania kuna la ziada: Oktoba 2023 mamlaka ya mawasiliano, TCRA, ilitoa taarifa ikiwataka wanaotumia VPN kutoa taarifa zao na kujisajili. Kwa hiyo usiiwashe kwa sababu tu imo kwenye kasha.

Kabati la nywila linafaa sana, lakini vivinjari vinalo bure. Ulinzi wa watoto wa Microsoft, Family Safety, nao ni bure, ingawa una nguvu zaidi watoto wakitumia kivinjari cha Edge.

Kwa anayependa kuona kwa jicho moja, hivi ndivyo ninavyozipanga kichwani:

| Kazi | Windows yenyewe | Kifurushi cha kulipia | Maoni yangu |
|---|---|---|---|
| Virusi, mtandaoni | Nzuri | Nzuri | Sare |
| Virusi, bila intaneti | Dhaifu | Bora, hasa Bitdefender | Kama unaishi kwa fleshi, usitegemee Windows peke yake |
| Virusi vya fidia | Ipo, imezimwa | Ipo, imewashwa | Washa, au lipa uwashiwe |
| Kasi | Ya kutosha | Vitufe vingi | Nunua SSD |
| Nakala za akiba | GB 5 za OneDrive | Wengine hutoa GB 50 na zaidi | Diski ya nje |
| Simu na kompyuta nyingi | Kila moja kivyake | Leseni moja | Hapa kifurushi kinashinda |

Sasa majina

Kwanza ujue kwamba rafu ya dukani ni fupi kuliko inavyoonekana. Avast iliinunua AVG mwaka 2016, ikawanunua wenye CCleaner mwaka 2017, na Septemba 2022 yenyewe ikaungana na wenye Norton, ambao tayari walikuwa na Avira. Kampuni hiyo leo inaitwa Gen Digital. Norton, Avast, AVG, Avira, CCleaner: ukihangaika kuchagua kati ya hizo tano, mwenye duka ni mmoja.

Norton 360 ni kifurushi kilichojaa na kinachojua kazi yake, kwa familia yenye intaneti ya uhakika. Ina kelele za kukuuzia vitu vingine hata baada ya kulipa, lakini hizo zinazimwa kwenye mipangilio. Avast One ya bure ina ulinzi mzuri hata nje ya intaneti, na inakuja na VPN ya GB 5 kwa wiki. Doa lake ni Jumpshot, kampuni tanzu iliyokuwa ikiuza taarifa za tovuti wanazotembelea watumiaji. Ilifungwa Januari 2020 baada ya jambo hilo kufichuliwa, na mwaka 2024 FTC iliitoza Avast dola milioni 16.5. Wanaosamehe wapo, mimi namwambia mteja habari hiyo, kisha namwacha aamue.

Bitdefender, kutoka Romania, ndiyo ninayoiweka mara nyingi. Total Security inabeba vifaa vitano, ina kisafishaji chake ambacho sikitumii, na kinga dhidi ya virusi vya fidia haihitaji kuchokonolewa. Toleo la bure halina makandokando, ila linahitaji ufungue akaunti, na usakinishaji wake unakula bando la maana. Fanya mahali penye WiFi.

Kaspersky inauzwa sana madukani kwetu na maabara zimeipa alama za juu kwa miaka mingi. Ubishi wake ni wa siasa. Juni 2024 serikali ya Marekani ilipiga marufuku kuuzwa kwake huko, na masasisho kwa watumiaji wa nchi hiyo yakakoma Septemba 29 mwaka huo, kwa hoja kwamba kampuni ni ya Urusi na inaweza kushurutishwa na serikali yake. Kampuni imekana. Kwetu inaendelea kuuzwa na kusasishwa. Kwa albamu ya familia na mitihani ya darasa la saba sioni tatizo. Kwa mtu anayefanya kazi na shirika la Kimarekani ningemwekea nyingine, asije akaulizwa maswali.

ESET ya Slovakia, ukoo wa NOD32 ulioanza 1987, ni ya mashine chovu. Vifurushi vyake vya msingi havina mbwembwe za roketi, na hilo kwangu ni sifa. Ukitaka "kila kitu" utaiona ina upungufu. Ukitaka mashine ya GB 4 iendelee kupumua, ianze nayo.

McAfee wengi hawaichagui, wanaikuta. Inakuja kwenye laptopu nyingi mpya kama jaribio la siku chache. Likiisha, ama lipia ama iondoe siku hiyohiyo, maana Defender hukaa pembeni inapoona kuna mwenzake, na hutaki kubaki kati ya mlinzi aliyeacha kazi na mlinzi aliyeambiwa asije.

Bado 360 Total Security ya Qihoo, China. Hiyo ndiyo yote ndani ya bure inayopendwa: antivairasi, usafi, kasi, kitufe kimoja. Mwaka 2015 AV-Comparatives, AV-TEST na Virus Bulletin ziliivua Qihoo vyeti vya mwaka huo, baada ya kugundua kwamba toleo lililopelekwa maabara lilikuwa limewashiwa injini ya Bitdefender, wakati watumiaji wa kawaida walipewa toleo ambalo injini hiyo imezimwa. Ni ya zamani, lakini mimi ni mtu wa kukumbuka. Siiweki.

Malipo, mahali wateja wanapolia

Bei iliyoandikwa kwa herufi kubwa ni ya mwaka wa kwanza. Ya mwaka wa pili iko chini kwa herufi ndogo, na inaweza kuwa maradufu. Ukilipa kwa kadi, hata ile ya mtandaoni inayotokana na pesa za simu, usajili hujihuisha wenyewe isipokuwa uzime. Dada mmoja jirani alikatwa hela ya kifurushi ambacho alikuwa ameshakiondoa kwenye kompyuta; kuondoa programu hakufuti usajili. Wakampa nusu yake baada ya barua pepe nne.

Kwa sababu hiyo napenda kadi ya leseni ya dukani. Ukimaliza mwaka umemaliza, hakuna anayekufuata. Ila kwaruza palepale kaunta na uingize namba ukiwa bado dukani, kwa sababu kuna misimbo iliyotengenezwa kwa ajili ya nchi nyingine ambayo inakataa huku, na kuna iliyokwisha kutumika. Muuzaji anayekukataza kuijaribu mbele yake amekwisha kukujibu.

Na unapohama kutoka moja kwenda nyingine, ondoa ya kwanza kabisa. Watengenezaji wengi wanaotajwa hapa wana zana ya kung'olea mabaki. Itumie, washa mashine upya, ndipo uweke mpya.

Tulivyofanya

Binti yake Mwalimu anaishi Dar es Salaam, ana kompyuta mbili, simu nne za familia, watoto watatu na faiba ndani ya nyumba. Alinipigia baada ya kusikia habari za baba yake. Yeye nilimwambia anunue: Bitdefender Total Security ya vifaa vitano, kadi ya dukani, na simu moja ya mtoto mdogo ibaki nje kwa sababu haina hata laini. Hana muda wa kuzunguka nyumba nzima akiwasha kinga moja moja. Anacholipia ni muda wake, na hesabu inakubali.

Mwalimu sikumuuzia kifurushi. Nilizing'oa zile tatu pamoja na visafishaji, nikanakili mitihani yake na picha, nikafunga SSD ya GB 256, nikapiga Windows 10 upya na kuisajili kwa mwaka wa nyongeza. Juu yake Bitdefender ya bure, kwa ajili ya fleshi za kwaya. Hela iliyobaki ilitosha diski ya nje, aichomeke kila Ijumaa na kuichomoa. Mwaka huo wa nyongeza ukiisha tutazungumza habari za Linux Mint, mfumo wa bure unaokaa mahali pa Windows. Yeye anaandika mitihani tu, na LibreOffice inafungua mafaili yake yote ya Word. Nimeshayajaribu.

Alipokuja kuichukua, aliiwasha mwenyewe. Akatazama skrini, akanitazama mimi.

"Na hiyo programu ya kuongeza kasi umeiweka wapi? Siioni."

Nikamkabidhi diski yake ya zamani ndani ya bahasha. Akaigeuzageuza, akaitikisa karibu na sikio, kisha akaifunga pamoja na laptopu kwenye kanga ileile.